Pera lilikuwa pea: majina ya matunda na safari zake

#1 Mpopoaji

Wakuu, habari za wakati huu.

Uzi huu umezaliwa na aibu. Kazi yangu ni kutafsiri, na juzi kati nililetewa maandishi ya kubandikwa kwenye kopo la matunda mchanganyiko. Maandishi yenyewe yalikuwa ya Kireno. Nikakutana na neno "pera", nikacheka peke yangu: hili hata kamusi halihitaji, limekuja na Kiswahili chake. Nikaandika "pera", nikasonga mbele. Mhariri akanirudishia ukurasa una wino mwekundu pembeni: "Mapera yako wapi humu? Mimi kwenye picha naona tunda lenye shingo."

Alikuwa sahihi. "Pera" ya Kireno ni lile tunda la nchi za baridi, shingo nyembamba tako pana, ambalo sisi tunaliita pea, na wengine peasi. Pera letu, lile la vijimbegu vigumu vinavyonasa kwenye jino mpaka jioni, Mreno analiita "goiaba". Neno ni lilelile herufi kwa herufi, tunda ni jingine kabisa.

Basi nikaanza kuchimba, na nilichokikuta kikanizuia kulala siku mbili. Jina la tunda likisafiri, mara nyingi jina linafika salama, tunda lenyewe ndilo linalobaki njiani. Kiswahili kimejaa majina ya namna hiyo.

Nianze na hilohilo pera. Asili ya tunda letu ni bara la Amerika, na hilo "goiaba" Wazungu walilichukua kwa wenyeji wa huko. Wareno ndio waliolisambaza tunda hili katika nchi za Bahari ya Hindi. Sasa angalia kilichotokea upande wa pili wa bahari. Wamarathi wa India wanaliita "peru", kutoka kwa Mreno yuleyule. Na Wahindi wanaosema Kihindi wanaliita "amrud", ambalo ni neno la Kiajemi, na katika Kiajemi maana yake ilikuwa nini? Pea! Yaani watu wa lugha tofauti wameliangalia tunda geni, kijani likiwa bichi, njano likiiva, na kila mmoja akaona linafanana na pea, akalibandika jina la pea. Kwa hiyo sisi hatukukosea peke yetu. Tumekosea pamoja na nusu ya Bahari ya Hindi.

La pili ni zabibu. Hili kila mtu anajua ni la Kiarabu, lakini wachache wanauliza Mwarabu mwenyewe analitumia kwa nini. Kwa Mwarabu, "zabib" ni zabibu kavu. Ile mbichi inayoning'inia kwenye kichala anaiita "inab". Ukifikiria, inaeleweka: mbichi haivuki bahari kwa jahazi, ingeoza kabla ya nusu ya safari. Kilichoshuka pwani ndani ya magunia ni kikavu, na jina lilishuka nacho. Siku tulipokuja kuiona mbichi tukaipa jina la kavu, halafu ikatubidi ile kavu tuiite "zabibu kavu". Kwa masikio ya Mwarabu hapo umesema kikavu kikavu. Na mti ukawa mzabibu, ukaingia mpaka kwenye Biblia, wala hakuna aliyeshtuka.

Mwingereza amefanya hivyohivyo, ila kinyumenyume. Kwa Kifaransa "raisin" ni zabibu mbichi. Mwingereza alilichukua neno hilo akalifanya la zabibu kavu tu, na kwa ile mbichi akatumia "grape", neno ambalo Mfaransa analitumia kwa kichala kizima. Sisi tumechukua neno la kavu tukaliweka kwenye mbichi, yeye kachukua la mbichi kaliweka kwenye kavu. Hatudaiani.

La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote: ndimu na limau. Haya ni neno moja.

Waajemi wana "limu", Waarabu "laymun", na nyuma yao iko India na "nimbu" yake. Hilo "limu" likafika pwani na kuingia kwenye ngeli ya I-ZI, ile inayopenda kuanza na n. Sasa Kiswahili hakitaki n na l zikae pamoja. L ikiguswa na n inageuka d. Ndiyo maana ulimi ni mmoja lakini ndimi ni mbili. Limu nayo ikaguswa na n ikawa ndimu. Ukitaka alama ya kidole, nenda kwenye mti: mdimu. Ile n imeondoka lakini d imebaki palepale kama kovu.

Halafu, kuanzia 1498, wanafika Wareno. Wao kwao wanasema "limão", na hiyo sauti ya mwisho inatokea puani. Neno wenyewe walilichukua kwa Waarabu zamani. Masikio ya pwani yakasikia "limau", safari hii likaingia ngeli nyingine, likapata wingi wake malimau na mti wake mlimau. Ndugu wawili wa tumbo moja wakaingia nyumba moja kwa milango miwili, wakakutana ukumbini wasitambuane. Kila mmoja akapewa tunda lake: ndimu kale kadogo ka kijani kenye ganda jembamba, limau lile kubwa la njano.

Naishia hapa kwa leo. Wajuzi ongezeni, wapinzani pingeni.

#2 Kisiki cha Mpingo

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu, mimi tangu shule nilijua pera limetokana na nchi ya Peru. Tunda la Amerika Kusini, nchi ya Amerika Kusini, mambo mbona yanaonekana wazi?

#3 Mpopoaji

Kisiki, kuonekana wazi ndiko kunakoponza watu kwenye mambo haya. Kama lingetoka Peru, hiyo a ya mwisho ingetoka wapi? Majina yanayoisha kwa u Kiswahili huyaacha na u yao: tambuu, limau. Pili, Wareno hawakuitawala Peru, alikuwa Mhispania, na Mhispania tunda hili hakuliita kwa jina la nchi, aliliita "guayaba". Tatu, lipo hilo "amrud". Neno la Kiajemi la pea halina uhusiano wowote na Peru, na limefanya safari ileile kutoka pea kwenda pera. Ukiona njia ileile imepitwa na maneno mawili yasiyojuana, ujue hapo pana njia.

#4 Kisiki cha Mpingo

Nimeshika adabu. Endelea.

#5 Bi Mwembeni

Salaam alaikum wote. Mpopoaji umelisahau embe, nami kwa jina langu hili siwezi kunyamaza.

Embe ni la India pia. Kwa Kisanskriti ni "amra", Wamarathi wanasema "amba", Waarabu na Waajemi wakalipokea "anba". Hilo ndilo lililotufikia sisi. Wazungu wana "mango", ambalo ni jina la kusini mwa India, "manga" kwa Malayalam, na Mreno ndiye aliyelibeba kwenda Ulaya. Swali zuri ni hili: Mreno huyohuyo aliyetuachia meza, bendera na limau, kwa nini hakutuachia manga?

Kwa sababu alikuta nafasi imeshajaa. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita pwani yetu mwaka 1331, zaidi ya miaka 160 kabla ya Vasco da Gama. Mogadishu alikaribishwa chakula, akaandika kwamba waliwekewa ndimu za kutiwa chumvi na siki, tangawizi mbichi na "anba". Akaeleza kuwa ni tunda kama tufaha lakini lina kokwa, likiiva ni tamu sana, na kabla ya kuiva ni kali kama ndimu, hulitia kwenye siki. Hiyo ni achari ya embe, jamani, mwaka 1331! Alipofika Mombasa akakuta ndizi, na ndimu, na tunda analoliita "jammun" linalofanana na zaituni ila tamu mno. Hilo ni jina la India la zambarau.

Kwa hiyo hoja yako ya ndimu kuingia mapema kwa mlango wa Waajemi na Waarabu ina shahidi aliyekuja kwa miguu yake.

#6 Mpopoaji

Bi Mwembeni, shikamoo. Hapo kwenye nafasi iliyojaa umenifungulia dirisha.

Maana ukiangalia yale matunda ambayo hayakuwapo kabla ya Wareno, jina la Amerika linapita bila kupingwa. Papai, kutoka visiwa vya Karibi. Nanasi, kutoka kwa Watupi na Waguarani wa Amerika Kusini, "nanas". Columbus alilikuta Guadeloupe mwaka 1493, na Wareno wakalizungusha dunia nzima pamoja na jina lake "ananás". Waarabu, Wahindi, Waajemi, Wafaransa, wote wanasema ananas. Mwingereza peke yake kaamua kuliita kwa jina la lile koni la msonobari, na Mhispania naye "piña", koni hilohilo. Sisi tumekata a ya mbele tukasema nanasi, mananasi, mnanasi, kama vile lilikuwa letu tangu Adamu.

#7 Mjukuu wa Hamali

Mimi nachangia kwa swali. Stafeli je? Kuna mtu aliniambia ni jina la Mzungu, Bwana Stafford sijui Stafell, aliyelileta.

#8 Bi Mwembeni

Hahaha, Bwana Stafeli! Mwanangu, huyo si bwana, ni bibi, tena bibi mwenye heshima zake. "Sitaphal" kwa Kihindi ni tunda la Sita. "Phal" ni tunda, na Sita ni mke wa Rama katika visa vya Wahindi. Rama mwenyewe naye anayo yake, "ramphal", la ukoo huohuo.

Na hapa mchezo wa Mpopoaji unarudi. Tunda la Sita kule India ni lile dogo la manundunundu, ambalo sisi tunaliita topetope. Stafeli letu ni lile kubwa la miba laini, la ukoo mmoja lakini tunda jingine. Jina limepanda mti wa jirani. Halafu matunda yote hayo asili yake ni Amerika, kwa hiyo hata Sita mwenyewe kapewa ukubwani.

Fenesi je? Hilo halina hila. "Phanas" kwa Kimarathi, tunda lilelile, la utomvu uleule unaogoma kutoka mikononi mpaka upakwe mafuta.

#9 Kipusa wa Kusi

Naomba niwape shelisheli, maana hili kila mtu anakula na hakuna anayeshangaa. Mshelisheli ni mti, shelisheli ni tunda, na Shelisheli ni nchi. Tunda asili yake ni visiwa vya Pasifiki. Waingereza walilitaka sana liwe chakula cha watumwa wa Karibi. Meli iliyotumwa kuchukua miche yake, Bounty, ndiyo ile ambayo mabaharia wake waliasi mwaka 1789, wakamshusha nahodha Bligh kwenye mashua na miche wakaitupa baharini.

Sisi tumeliita kwa jina la visiwa jirani. Lakini visiwa vyenyewe vimeitwa kwa nani? Kwa Jean Moreau de Séchelles, aliyekuwa waziri wa fedha wa mfalme wa Ufaransa; Wafaransa walivichukua mwaka 1756. Kwa hiyo unapochemsha shelisheli, ndani ya sufuria umechemsha jina la waziri wa fedha.

#10 Kisiki cha Mpingo

Waziri wa fedha kuchemka si habari mpya.

#11 Mpopoaji

😂 Kisiki toka nje kidogo.

Kipusa, hilo la kuliita tunda kwa jina la mahali lilikotokea machoni pa watu lina ndugu zake. Waarabu chungwa tamu wanaliita "burtuqal", yaani la Ureno. Waturuki "portakal", Wagiriki vilevile. Mreno akatoka safari ya kutafuta viungo, akarudi amekuwa chungwa.

Na letu wenyewe ni komamanga. Wengi wanalitamka bila kusikia kwamba ni maneno mawili: koma la Manga. Koma ni tunda la mkoma, ule mti wa jamii ya mitende ambao tumeukuta hapahapa. Manga ndiyo Uarabuni, hasa upande wa Omani, na watu wake ni Wamanga. Kwa hiyo tunda geni likafika, watu wakatafuta katika matunda yao lile linalolikaribia, wakasema hili ni koma la kwa Wamanga. Mtindo ni uleule wa pilipili manga na njiwa manga. Na kungumanga je? Kungu ni tunda la mkungu. Kungumanga ni ile ya kukwangua kwenye chai.

Angalia tofauti hapo. Mwarabu analo jina lake, "rumman", na hatukulichukua. Tulichukua "zabib", tukachukua "tuffah" likawa tufaha, tukachukua "tin" likawa tini, "firsad" likawa forsadi. Kwa rumman tukasema hapana, tutaliita wenyewe. Hilo linanifurahisha.

#12 Mzee Kidaka

Vijana mnazungumza vizuri, ila mnanitia huzuni kidogo. Mnafuatilia yaliyokuja kwa majahazi na kuyaacha ya nyumbani, kama vile kabla ya Mmanga tulikuwa tunakula majani.

Neno lenyewe "tunda" lilikuwa na kitenzi chake, kutunda, maana yake kuchuma. Tunda ni kitu kilichotundwa. Vitenzi vya kazi hiyo tunavyo tele: unachuma kwa mkono, unaangua nazi kwa kuipandia, unatungua kwa kijiti, unapopoa kwa mawe kama huyu mwenye uzi anavyojiita. Taifa lisilojua matunda haliwi na vitenzi vingi hivyo.

Sasa njooni kwenye mnazi. Wazungu wana neno moja la nazi wakiongezea vivumishi mbele. Sisi tunaanza na kidaka, kale kadogo kanakoanza tu. Kikikua kinakuwa kitale, bado hakijafanya nyama. Halafu dafu, maji matamu na nyama laini ya kukomba kwa kijiko. Halafu koroma, si dafu tena na nazi bado, maji yamepungua utamu na nyama imeanza kukaza. Ndipo nazi. Ukiikausha nyama yake ikawa kavu, ni mbata. Ukiivunja una kifuu, ukiikuna na kuikamua una tui na machicha. Nitajie lugha iliyomwangalia mtoto wake akikua kwa makini kiasi hicho.

#13 Mpopoaji

Mzee wangu, shikamoo. Nimekubali kosa, na jina lako sasa nimelielewa.

Naomba nilipe deni kwa ukwaju. Mti huu ni wa Afrika. Mwarabu alipoukuta huko kwenye biashara akauita "tamr hindi", tende ya India, na kutoka hapo Wazungu wote wakapata "tamarind". Dunia nzima inaita tunda la Afrika tende ya India, na hata tende si tende. Sisi ambao mti umesimama uani hatukudanganyika, tukasema mkwaju na ukwaju, basi. Kwa mara moja jina limekosea njia na sisi hatumo.

#14 Mjukuu wa Hamali

Ndio maana mpira ukipigwa kwa nguvu kwenye penalti tunasema mkwaju. Hiyo fimbo yake naijua vizuri, nimechapwa nayo.

#15 Ssebo wa Ziwani

Naingia nikiwa msomaji wa kimya wa siku nyingi. Kwetu kwa Kiganda mapera tunasema "amapeera", bila shaka yalipanda kutoka pwani na misafara. Lakini tuna Mapeera mwingine. Padri Siméon Lourdel alifika Buganda mwaka 1879, watu wakasikia wenzake wakimwita kwa Kifaransa "mon père", baba yangu. Kwa masikio ya Kiganda hiyo ni Mapeera. Mpaka leo katika historia ya kanisa kwetu anaitwa Mapeera. Wageni wakisikia hudhani alikuwa anauza matunda.

#16 Bi Mwembeni

Hilo limenichekesha mpaka nimemwaga chai. Hapo mkuu Mpopoaji pera lako limepata maana ya tatu: pea, pera na padri.

Nirudi kidogo kwenye tufaha, maana Mpopoaji umelipitia mbiombio. Jina ni la Kiarabu, lakini visiwani ukisema tofaa au tufaa, mtu atakuletea lile jekundu lenye nyama nyeupe kama sponji na harufu ya waridi, ambalo si tufaha hata kidogo, ni la ukoo wa mkarafuu. Tufaha lenyewe la nchi za baridi lilipoanza kufika kwa wingi likakuta jina lina mwenyewe, ikabidi vijana waliite epo. Umeona? Ni kama pera. Tunda la hapa lilikalia kiti cha tunda la ugenini, mwenye kiti alipofika akakosa pa kukaa, akarudi tena kuomba jina kwa Mwingereza.

#17 Mpopoaji

Bi Mwembeni, hapo umeufunga uzi kuliko mimi nilivyoufungua. Na peasi ni hivyohivyo: tumelisikia kwa Kiingereza likiwa tayari katika wingi, "pears", tukalimeza na s yake, kisha tukaliongezea wingi wetu, mapeasi. Wingi juu ya wingi.

#18 Kisiki cha Mpingo

Nimerudi ndani. Mkuu hujamaliza kisa. Kwenye kopo mwishoni uliandika nini?

#19 Mpopoaji

Niliandika "peasi". Mhariri akasema hilo ni la mitaani, akafuta akaweka "pea". Kazi ikaenda kwa mchora picha wa kopo. Baada ya saa moja akanipigia simu, ana wasiwasi wa kweli: "Kaka, hapa nimesoma nanasi, papai, zabibu, pea. Pea ya nini? Ya viatu?"